MADA YA 7: BIMA YA VYOMBO VYA MOTO NA DEREVA ASIYE NA BIMA

Mada hii watahiniwa wengi huikariri na wachache huielewa. Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne aina za bima ya gari, atazitaja bila kupumua: bima ya mtu wa tatu, bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, na bima kubwa. Sasa mwulize hivi: "Mama yako alikuwa amepanda bodaboda, akagongwa na Noah isiyo na bima. Nani atalipa?" Hapo utasikia kimya. Swali la kwanza linapima kumbukumbu, la pili linapima uelewa, na maswali ya aina ya pili ndiyo yenye alama nyingi. Kwa hiyo mada hii tutaianza na swali la pili.

Kisa cha kuanzia

Nilipohamia kufundisha Chita nilinunua pikipiki iliyotumika ili niweze kwenda Mngeta na Ifakara bila kusubiri gari. Anayeijua barabara ile wakati wa masika haitaji maelezo. Jioni moja nikirudi kutoka Mngeta, Noah iliyojaza abiria na magunia ilikwepa shimo ikahamia upande wangu. Nilivunjika mfupa mdogo wa mguu, na uma wa mbele wa pikipiki ulipinda kabisa.

Nikiwa nimelala na mguu juu ya mto nilijiliwaza kwamba angalau nina bima, kwa maana stika niliilipia mwenyewe, fedha taslimu. Nikampigia wakala. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulikata ndogo au kubwa?" Nikamjibu ndogo. "Basi hiyo si yako, Mwalimu. Hiyo ni ya yule ambaye ungemgonga wewe."

Ikabaki bima ya mwenye Noah. Stika ilikuwepo kwenye kioo, tena imebandikwa vizuri, ila muda wake ulikuwa umekwisha miezi minne nyuma. Dereva aliandikiwa makosa yake akalipa faini, na faini ile ilikwenda serikalini kama inavyopaswa. Mimi nilikaa naye mbele ya wazee, tukakubaliana anilipe magunia kumi ya mpunga baada ya mavuno. Nilipata matatu. Sikuwa na nguvu ya kumfuata tena, na kusema kweli hata yeye hakuwa na kitu.

Kisa hiki kina mafunzo manne, nayo ndiyo mada nzima: bima ndogo inamlinda nani, sheria inalazimisha nini, adhabu kwa mkosaji ina tofauti gani na fidia kwa aliyeumia, na mtu afanye nini ili asibaki na magunia matatu.

Mtu wa tatu ni nani?

Katika mkataba wa bima kuna pande mbili. Mtu wa kwanza ni mwenye bima, yaani aliyelipa ada. Mtu wa pili ni kampuni ya bima. Mtu wa tatu ni yeyote mwingine anayedhurika kwa matumizi ya chombo cha mtu wa kwanza: mwenda kwa miguu, mwendesha baiskeli, dereva wa gari jingine, mwenye kibanda cha chipsi kilichobomolewa.

Hapa ndipo madaftari mengi niliyosahihisha yanapokosea. Mwanafunzi huandika: "Bima ya mtu wa tatu humlinda dereva akipata ajali." Si kweli kwa namna alivyoiandika. Inamlinda dereva dhidi ya madai ya watu wengine aliowadhuru kwa kosa lake. Mguu wake mwenyewe haimo, na pikipiki yake mwenyewe haimo. Kwa hiyo unapokata bima ndogo unawakinga wengine dhidi yako. Ili na wewe ukingwe dhidi yao, inabidi na wao wakate ya kwao. Mfumo mzima umesimama juu ya dhana kwamba kila mmoja ametimiza wajibu wake, na dereva asiye na bima ndiye anayeuvunja.

Sheria inalazimisha nini?

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani, au kumruhusu mwingine akitumie, bila bima dhidi ya madhara kwa mtu wa tatu. Zingatia maneno "kumruhusu mwingine akitumie". Mwenye bodaboda anayempa kijana pikipiki kwa hesabu ya jioni hawezi kusema hayamhusu. Hitaji la msingi la sheria hii ni kifo na majeraha ya mwili. Uharibifu wa mali ya mtu wa tatu kwa kawaida huongezwa na mkataba wenyewe, hadi kikomo kilichoandikwa humo.

Kifungu cha 10 cha sheria hiyo kina uzito kwa aliyeumia. Mahakama ikiamua kwamba mwenye bima anapaswa kumlipa mtu wa tatu, kampuni ya bima inawajibika kuilipa hukumu hiyo, mradi iwe imepewa taarifa ya kesi kama sheria inavyotaka. Ndiyo maana kumgongwa na mwenye bima na kumgongwa na asiye na bima si jambo moja hata kama maumivu ni yale yale. Katika hali ya kwanza nyuma ya dereva kuna kampuni yenye fedha, na katika hali ya pili kuna mfuko wake tu.

Msimamizi wa soko hili ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa historia fupi, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa shirika hilo, na hali ikawa hivyo kwa karibu miaka thelathini hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Jirani zetu wa Kenya nao wana sheria yao ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Gari linalovuka mpaka hutumia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hufanya bima ya mtu wa tatu itambulike katika nchi zilizomo kwenye mpango huo, Tanzania ikiwa mojawapo.

Adhabu si fidia

Weka tofauti hii kichwani. Kuendesha bila bima ni kosa la jinai. Polisi humkamata mkosaji, mahakama humtoza faini au humfunga, na fedha ya faini ni ya serikali. Fidia ni jambo la madai. Anayeidai ni aliyeumia, na lazima athibitishe kwamba aliumia kwa uzembe wa mwenzake. Dereva anaweza kuadhibiwa vizuri kabisa na wewe usipate hata shilingi.

Katika madai hayo usimtazame dereva peke yake. Kama alikuwa ameajiriwa na alikuwa kazini, mwajiri wake anawajibika kwa uzembe uliofanyika ndani ya kazi hiyo. Dereva wa Fuso linalobeba mpunga kutoka Mlimba anaweza kuwa hana hata baiskeli, lakini mwenye Fuso anayo Fuso. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Anayesubiri "mavuno ya mwakani" mara tatu anaweza kukuta mlango umefungwa.

Kujikinga kwa bima sahihi

Bima kubwa ndiyo jibu kwa upande wa chombo chako. Ndani yake mna bima ya mtu wa tatu, na juu yake hulipia uharibifu wa chombo chako mwenyewe kwa ajali, moto au wizi, bila kujali kosa ni la nani. Maneno haya ya mwisho ndiyo yanayomaliza tatizo la dereva asiye na bima. Huna haja ya kungoja alipe. Kampuni yako inakulipa, kisha inamfuata yeye.

Kitendo cha kampuni kumfuata mkosaji kinaitwa kanuni ya kuchukua nafasi ya mwenye bima. Ukishalipwa, haki yako ya kumdai aliyekugonga inahamia kwa kampuni kwa kiasi ilichokulipa. Kanuni hii huenda pamoja na kanuni ya fidia, inayosema kwamba bima humrudisha mtu katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara, wala haimfanyi atajirike. Tuone kwa mfano wa hesabu.

Mfano. Gari la mwalimu lina thamani ya sh. 12,000,000. Amelikatia bima kubwa kwa thamani hiyo hiyo. Tuseme kiwango cha ada ni asilimia 3.5 na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Mkataba unasema kwamba katika kila ajali mwenye bima atajilipia mwenyewe sh. 300,000 za kwanza. Gari linagongwa na dereva asiye na bima, na matengenezo ni sh. 3,400,000.

Ada: 12,000,000 × 3.5/100 = sh. 420,000
Kodi: 420,000 × 18/100 = sh. 75,600
Jumla aliyolipa: sh. 495,600
Atakacholipwa: 3,400,000 − 300,000 = sh. 3,100,000

Sasa kampuni inamfuata mkosaji. Tuseme amebanwa akalipa sh. 3,400,000 zote. Kampuni inachukua sh. 3,100,000 ilizotoa, na mwalimu anarudishiwa sh. 300,000 alizojilipia. Mwalimu hawezi kuchukua zote 3,400,000 juu ya alizokwisha kulipwa, maana angekuwa amelipwa mara mbili kwa hasara moja. Na kama mkosaji hana kitu, hasara ya kampuni ni sh. 3,100,000 na ya mwalimu ni sh. 300,000 tu. Linganisha na magunia yangu matatu.

Swali linalofuata hujitokeza lenyewe: mbona basi watu hawakati bima kubwa? Angalia ada. Bima ndogo ya gari dogo binafsi imezoeleka kuwa sh. 100,000 pamoja na kodi, yaani sh. 118,000. Tofauti na sh. 495,600 ni kubwa kwa mtu anayesubiri msimu wa mpunga. Tena gari likiwa kuukuu, au pikipiki ikiwa imechoka, kampuni inaweza kusita kulikubali. Sitakudanganya kwamba bima kubwa ni ya kila mtu. Katika mtihani ukiulizwa ushauri, taja faida na taja gharama, kisha amua. Mtahiniwa anayeandika "kila mtu akate bima kubwa" bila kutaja ada amejibu nusu ya swali.

Bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi iko katikati kwa bei, lakini kwa tatizo letu haisaidii. Aliyekugonga bila bima hakukuchomea gari wala hakuliiba.

Kwa upande wa mwili, bima ya kuangalia ni bima ya ajali binafsi. Hii hulipa kiasi kilichokubaliwa mtu akifa au akipata ulemavu kwa ajali, bila kuuliza aliyemgonga ana bima au hana. Inaweza kukatwa peke yake au kuongezwa katika bima ya chombo. Kwa dereva wa bodaboda, anayeshinda barabarani kutwa nzima na ambaye mguu wake ndio mtaji wake, naiona kuwa ya maana kuliko kulinda pikipiki yenyewe. Bima ya afya nayo husaidia gharama za matibabu kwa masharti yake, ila haikurudishii kipato ulichokosa ukiwa umelala. Usichanganye kazi za bima hizi mbili.

Na yule mama juu ya bodaboda? Yeye ni abiria anayelipa nauli, hivyo kwa bodaboda aliyopanda naye ni mtu wa tatu. Kama dereva wa bodaboda naye alichangia kosa, bima ya bodaboda hiyo inaweza kuguswa. Kama kosa ni la Noah peke yake, inabaki kumdai dereva wa Noah na mmiliki wake, au bima ya ajali binafsi kama alikuwa nayo. Aliyepewa lifti ya bure asome mkataba wa mwenye gari kwa makini zaidi, kwa sababu ulazima wa sheria kwa abiria umelenga hasa waliobebwa kwa malipo.

Mwenye bima anayegeuka asiye na bima

Kuna dereva ambaye stika anayo, haijaisha muda, na bado kwa chombo chake ni kama hana bima. Huyu anahitaji kanuni ya nia njema kabisa. Mwenye bima anatakiwa kusema ukweli wote wa maana wakati wa kukata bima, kwa kuwa kampuni hupima hatari kwa maneno yake.

Mfano wa huku kwetu: mtu anasajili Noah kuwa gari la matumizi binafsi kwa sababu ada ni ndogo, kisha kuanzia Jumatatu inapiga ruti Ifakara hadi Mlimba ikichukua abiria na debe za mchele. Hatari ya gari la abiria si sawa na ya gari la kwenda kanisani au msikitini. Siku ikianguka, kampuni ina hoja nzito ya kukataa kulipa uharibifu wa gari lile. Ndivyo ilivyo pia kwa anayemkabidhi chombo kijana asiye na leseni. Mwenye gari ameokoa fedha kidogo kwenye ada akapoteza gari zima, na abiria wake wanaanza safari ndefu ya kudai.

Kuhakiki na hatua za baada ya ajali

Stika kwenye kioo haitoshi kuwa ushahidi. Mimi ni shahidi. Siku hizi stika ni za kielektroniki, na mfumo wa TIRA-MIS humwezesha mtu yeyote kuhakiki bima kwa namba ya usajili wa chombo au namba ya stika. Hakiki ya kwako pia siku unayolipa, usiwahakiki wengine tu. Wakala asiye mwaminifu anaweza kupokea fedha na kukupa karatasi isiyomo kwenye mfumo.

Ajali ikitokea, aliyeumia atibiwe kwanza, na fomu ya polisi PF3 ishughulikiwe mapema. Chukua namba ya usajili wa chombo, jina la dereva, jina la mmiliki na majina ya mashahidi wawili watatu. Polisi waitwe wapime eneo na wachore ramani ya ajali kabla vyombo havijaondolewa, isipokuwa kama kuna hatari. Bila taarifa ya polisi madai yako hayana miguu. Toa taarifa kwa kampuni yako mapema kwa maandishi, na usitie saini makubaliano ya "yameisha" barabarani. Makubaliano hayo yanaweza kuua haki ambayo kampuni ingeitumia kumfuata mkosaji, na ikishakufa kampuni inaweza kukukatalia wewe. Mkibishana na kampuni kuhusu malipo, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufika mahakamani.

Wenzetu wamefanyaje?

Uingereza ina Motor Insurers' Bureau, chombo kilichoanzishwa mwaka 1946 na kinachogharimiwa na kampuni za bima. Humlipa aliyegongwa na dereva asiye na bima au aliyekimbia bila kujulikana. Afrika Kusini imepita njia nyingine. Road Accident Fund hupata fedha zake kutokana na tozo katika mafuta, hivyo kila anayejaza tangi anachangia, mwenye bima na asiye nayo. Ukiulizwa kupendekeza suluhisho, mifano hii miwili inatosha. Eleza pia udhaifu wake: huko kwanza mwenye bima hulipia makosa ya asiye nayo kupitia ada yake, na huko kwa pili tozo hupandisha bei ya mafuta kwa wote.

Swali la mfano

Bw. Juma ana pikipiki yenye bima ya mtu wa tatu. Amegongwa na gari lisilo na bima, dereva wake akiwa ameajiriwa na mfanyabiashara wa mpunga na akiwa kazini. Pikipiki imeharibika na Bw. Juma ameumia. (a) Je, kampuni ya Bw. Juma italipa? Toa sababu. (b) Anaweza kumdai nani? (c) Mshauri kuhusu bima ya mwaka ujao.

Jibu. (a) Hapana. Bima ya mtu wa tatu hulipa madhara ambayo Bw. Juma amewasababishia wengine, na hapa yeye ndiye aliyedhurika. (b) Dereva kwa uzembe wake, na mfanyabiashara kama mwajiri, kwa kuwa uzembe ulitokea kazini. Madai yafunguliwe ndani ya miaka mitatu. Faini atakayotozwa dereva haihesabiwi kuwa fidia yake. (c) Bima kubwa kama thamani ya pikipiki inastahili ada hiyo, la sivyo aendelee na bima ya mtu wa tatu na aongeze bima ya ajali binafsi. Ahakiki stika kwenye mfumo siku anayolipa.

Mazoezi

1. "Polisi wakiongeza faini kwa wasio na bima, walioumia watapata nafuu." Jadili kwa hoja nne.

2. Gari lenye thamani ya sh. 9,000,000 limekatiwa bima kubwa ya sh. 15,000,000. Limegongwa na dereva asiye na bima na kuharibika kabisa. Kwa kutumia kanuni ya fidia, eleza kwa nini mwenye gari hatalipwa sh. 15,000,000.

3. Tembelea kituo cha bodaboda kilicho karibu na shule yako. Kwa ruhusa ya madereva, hakikini pamoja stika tano kwenye mfumo wa TIRA-MIS. Andika ulichokikuta bila kutaja jina la mtu wala namba ya pikipiki.